Sura ya 6: Kila Spea na Kwao

Gari lilikaa miaka miwili chini ya mwarobaini pale Mtopanga kabla sijapata pesa ya kuligusa. Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa hakipandi, kuku wa jirani akaona hapo ndipo pa kutagia. Watoto wa mtaa waliandika majina yao kwenye vumbi la boneti, na mmoja, mwenye hati nzuri kuliko wenzake, akaongeza INAUZWA kwa herufi kubwa. Watu wawili walinigongea mlango kuuliza bei.

Ni Subaru Forester, la umbo lile lililotoka kiwandani kati ya 2002 na 2007, la gia za mkono, lenye lile tundu juu ya boneti ambalo kwa Mkenya ni tangazo tosha kwamba humo mna tabo. Nililinunua likiwa limenoki. Aliyeniuzia hakunificha, aliniambia "injini imenoki" vile mtu anavyokwambia jana kulinyesha. Nilichonunua hasa ni bodi, gia boksi, difu na logbuku. Vingine vyote vilitoka kwengine, na sura hii ni ya hivyo vingine.

Gereji ya fundi wangu iko upande wa Bakarani na haina kibao. Ina turubai, mapipa mawili, gogo la mnazi la kukalia na mwembe unaotumika kuning'inizia injini. Gari lilipofika likivutwa kwa kamba, fundi alilizunguka mara moja, akagonga madigadi kwa kifundo cha kidole, akasikiza.

"Yakhe, hii umenunua au umerithi?"

"Nimenunua."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Haya. Tuanze na oili."

Mimi nilidhani tungeanza na tabo. Nilikuwa nimeshahesabu nguvu za farasi usiku kucha, nimeshachagua mlio wa silensa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba neno lile la kwanza la fundi lilikuwa na mradi wote ndani yake.

Wazimu huu wa tabo wa rika langu una asili inayojulikana. Tuliupata kwa Safari Rally, enzi zile ilipokuwa ikiendeshwa wakati wa Pasaka na nyumba yenye televisheni inajaa watu hadi dirishani. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Sweden alishinda na Toyota Celica yenye tabo, na Toyota ikarudia 1985 na 1986. Mwaka 1994 ikawa zamu ya Mkenya, Ian Duncan, naye kwa Celica. Mwaka huohuo Patrick Njiru alimaliza katika nafasi ya nne na Subaru Impreza, na nadhani kijana wa Kenya aliyekaa mbele ya runinga siku zile hakupona tena. Halafu Colin McRae akashinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo 2000, basi, kukaisha. Leo ukisikia ngurumo ile ya mapigo yasiyolingana ikipanda kutoka Kongowea saa nne usiku, unajua mambaru, yaani Subaru, wako njiani.

Lakini anayedhani mafundi wa huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa walijifunza tabo kwa magari ya mashindano hajawahi kukaa Changamwe. Barabara ya Nairobi inapita hapo, na matrela yanayoelekea Kampala na Kigali yanapita hapo mchana na usiku. Trela la dizeli bila tabo halipandi mlima wowote na tani zake. Fundi wangu alianza kazi akiwa na miaka kumi na minne, akiosha tabo za matrela kwa petroli kando ya barabara, na mpaka leo akiona tabo ya Subaru hutabasamu kama aliyeletewa mtoto wa paka. Na hata matrela si mwanzo. Mswisi Alfred Büchi aliisajili fikra hii mwaka 1905, na ilipoanza kufanya kazi ya maana, miaka ya 1920, ilikuwa ndani ya meli, si gari. Meli kubwa zinazoingia Kilindini zina tabo ambazo mtu mzima akisimama kando yake anaonekana mfupi. Sisi wa magari madogo tulikuja mwisho kabisa, kisha tukapiga kelele kuliko wote.

Tabo yenyewe ni mvukuto. Mhunzi hupuliza makaa ili moto ule hewa nyingi na ukolee. Tofauti ni kwamba mvukuto huu hauna kijana wa kuuvuta, unazungushwa na moshi. Moshi ukitoka kwenye injini, badala ya kwenda zake, unapitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na mwenzake wa upande wa pili, na huyo mwenzake ndiye anayevuta hewa safi na kuisindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi inaweza kuchomwa, na injini ya lita mbili ikafanya kazi ya injini ya lita tatu. Mhimili huo hauzidi sana unene wa kalamu, na hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Upande mmoja una moshi unaoweza kufika nyuzi 900, upande wa pili hewa ya barabarani. Katika tabo nyingi za Subaru za miaka ile haukukalia gololi; unaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika kwa muda wa kupiga chafya, chuma kinakutana na chuma.

Ndiyo maana fundi alisema oili.

Siku ya pili tuliifungua injini iliyokufa, ingawa mimi sikuona faida. Nilisema iuzwe kwa kilo. Fundi alisema maiti haizikwi bila kuulizwa. Alifuata kibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye tabo, akafungua boliti linalokishikilia, boliti lenye tundu katikati, akaligeuza juu ya kiganja na kuligonga. Kilichodondoka ni kichujio cha waya kidogo kuliko punje ya mahindi. Kilikuwa cheusi tititi. Akakiinua kuelekea jua: hakuna hata nuru moja iliyopita. Injini nyingi za Subaru zenye tabo za katikati ya miaka ya 2000 zina kichujio hicho, na mwenye gari asiyebadilisha oili kwa wakati hukiziba polepole kwa masizi yake mwenyewe. Tabo inakosa oili, mhimili unakwanguka, vipande vya chuma vinarudi na oili hadi kwenye beringi za krenki, na siku moja injini inagonga mara tatu na kunyamaza. Mtu aliyeniuzia aliamini gari lake liliuawa na mwendo wa kasi, kumbe liliuawa na takataka isiyojaza kijiko.

Kichujio kile ninacho hadi leo, kwenye kibweta cha vifungo vya mke wangu, naye ameshaniuliza mara kadhaa ni cha nguo gani.

Injini mpya, maana yake injini kuukuu nyingine, ilibidi itafutwe. Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi, mtu wa makaratasi ya forodha, ninalijua zaidi ya fundi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ni kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, na ndicho kinachofanya barabara zetu zisijae mikweche ya dunia nzima. Kwa hesabu hiyo, Forester la mwisho la umbo kama langu lilikuwa limeshapita bandarini kabla ya 2016. Yaliyopo ndiyo hayo. Kila moja linalogongwa au kunoki hupunguza idadi, na hakuna la kuziba pengo. Ila injini zake ziliendelea kuja ndani ya kontena, zimefungwa plastiki, zimepangwa kama magunia ya mchele, nyaya zimekatwa kwa msumeno. Ndizo tunazoziita ex-Japan, na neno hilo hutamkwa kwa heshima ileile ambayo wazee wetu walilitamkia neno Manila walipokuwa wakinunua kamba ya jahazi.

Nilimpeleka fundi kuchagua. Muuzaji alituonyesha injini saba, zote za familia ya EJ20, cc 1,994, pistoni nne zilizolala ubavu zikitazamana mbilimbili. Fundi hakuuliza bei. Alifungua kifuniko cha oili cha kila moja, akaingiza kidole, akakinusa. Mbili alizikataa hapohapo: ute chini ya kifuniko ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yamekutana na oili. Moja ilikuwa safi mno, imeoshwa kwa stimu hadi inang'aa. Hiyo aliipita bila kuigusa. Zilizobaki alizitoa plagi zote, akatia spana ya 22 kwenye krenki, akazungusha taratibu huku amefumba macho. Ile aliyoichagua ilikuwa chafu kupita zote na ilikuwa bado na tabo yake ndogo ya asili. Muuzaji akacheka. "Mzee umechagua mchafu."

"Huu uchafu wake mwenyewe," fundi akajibu. "Ile inayong'aa sijui imefichwa nini."

Kutu ilikuwa tele kwenye boliti za bomba la moshi, nayo ina hadithi. Kaskazini mwa Japan humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kwa hivyo spea nyingine hufika kwetu zimeshaonja chumvi, halafu hewa ya bahari ya hapa inamalizia. Kung'oa boliti sita kulituchukua siku mbili za dizeli, moto wa gesi na matusi. Mbili zilikatika ndani. Taimingi belti tuliitupa ingawa ilionekana mpya: huwezi kujua imekimbia kilomita ngapi, na kwenye injini hii ikikatika, vali zinapigana na pistoni. Hapo sikubishana. Nilibishana kwenye tabo.

Fundi alitaka turudishe ile ndogo iliyokuja na injini, TD04 ya Mitsubishi. Mimi nilitaka ya IHI, zile zenye namba za VF, ambazo Subaru iliziweka kwenye Impreza STI. Inafunga mahali palepale, nikamwambia, boliti zilezile tatu. Nilikuwa nimeshaisoma hadi ndotoni. Basi siku moja nikatoka kazini moja kwa moja hadi Magongo, kwa kijana aliyekuwa na moja ndani ya gunia. Nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka vizuri, nikalipa bei ya mbuzi kadhaa wa sikukuu. Wiki hiyohiyo nikavuka feri hadi Likoni kufuata injekta za pinki za STI, kwa kuwa nimesikia tabo kubwa inataka petroli nyingi. Nilirudi nazo mfukoni kama pipi.

Fundi aliishika tabo yangu kama daktari wa meno. Akausukuma mhimili juu na chini: ukacheza kidogo. Nikaogopa, akasema hapana, huo mchezo ni halali, ni nafasi ya oili. Kisha akauvuta kuelekea kwake na kuusukuma nyuma. Tk. Tk. Mlio mdogo, kama mtu anayegusanisha kucha. Huo haukuwa halali. Mhimili wa tabo hautakiwi kwenda nje na ndani. Ukienda, mapanga yanalamba ukuta. Akanionyesha kwa tochi mikwaruzo mwilini mwa kasha, mipya, inang'aa. Nilikuwa nimenunua tabo iliyo njiani kwenda kufa.

Na injekta? Akaziweka kando ya reli ya petroli ya injini yetu, akanyamaza ili nijionee. Zetu hulishwa petroli kwa juu. Za pinki nilizonunua hulishwa kwa ubavuni, na zina manifoldi yake. Zote Subaru, zote EJ, zote za tabo, na hazioani hata kwa nyundo.

"Kila spea na kwao," akasema fundi, akijifuta mikono. "Ukiileta hapa, iulize kwanza kwao ilikuwa inaishi na nani."

Nimelirudia neno hilo kwa watu wengi tangu siku ile. Gari la kiwandani ni ukoo mmoja: aliyechora tabo alikaa chumba kimoja na aliyechora injekta, na kompyuta ya gari iliandikwa ikiwajua wote wawili. Gari la viraka ni nyumba ya kupanga. Huyu katoka Legacy, huyu Impreza, huyu ametengenezwa China mwaka jana na hajawahi kuona Subaru. Tabo inaleta hewa nyingi kuliko injekta zinavyoweza kuilisha petroli. Mchanganyiko unakuwa mkavu, moto ndani unapanda, na pistoni, ambayo ni alumini tu, inaliwa ukingo. Hakuna spea iliyoharibika hapo. Kila moja peke yake ni nzima. Ubaya uko kati yao, na ubaya wa kati hauuzwi dukani wala haurudishwi kwa risiti.

Kwa hivyo TD04 ikarudi mahali pake, na kichujio cha oili tukakitia kipya, pamoja na geji mbili: ya presha ya oili na ya busti, yaani presha ya hewa inayosindiliwa na tabo. Geji hizo nilizinunua kwa kununa. Pesa ile ingetosha rimu.

Mtu aliyenifurahisha kuliko wote katika mradi huu ni mzee wa kukereza wa Changamwe. Mashine yake ni ya Kiingereza, kongwe, imepakwa grisi kama mtoto mchanga anavyopakwa mafuta. Tulihitaji kiungo cha alumini cha kuunganisha mpira wenye kipenyo kimoja na bomba lenye kipenyo kingine, kwenye njia ya hewa iliyosindiliwa. Dukani kipo, kinaletwa kwa oda. Mzee alipima kwa kalipa, hakuandika kitu, akakereza robo saa. Alipomaliza aliacha ukingo mdogo ulioinuka kila mwisho, mduara usiozidi unene wa uzi wa kushonea viatu. Nikamuuliza wa nini.

"Mwanangu, upepo una nguvu za mwizi. Bila ukingo, mpira utachomoka."

Kiungo chake hakijachomoka hadi leo. Kilichochomoka ni upande wa pili, kwenye bomba nililonunua mimi, laini, halina ukingo, likashikwa na klipu ya bei rahisi. Tulikuwa Bamburi, barabara ya Malindi, siku ya tatu tangu injini iwake. Nilikanyaga mafuta gia ya tatu, nikasikia pu! kama mfuko uliopasuliwa, gari likakohoa, nyuma wingu jeusi. Sababu yake ni nyepesi ukishaijua: sensa iko mwanzo wa njia, imeshahesabu hewa na kuagiza petroli yake, lakini hewa yenyewe imetorokea njiani. Petroli inabaki peke yake, inatoka moshi mweusi. Vijana wa bodaboda walisimama kushuhudia. Mmoja akasema mambaru imekata pumzi, na nilikosa la kumjibu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hayo yalikuwa madogo. Kosa kubwa lilitoka Nairobi likiwa zawadi.

Binamu yangu huko ana Impreza na marafiki wa Impreza. Alinitumia kivali kidogo cha shaba chenye skrubu, kile kinachoidanganya tabo isifungulie moshi mapema, ili busti ipande. "Nimekipima kwenye gari langu kwa baa 1, miezi sita hakuna shida," akaniambia kwa simu. "Usikiguse, kifunge tu." Nikakifunga Jumapili, fundi akiwa harusini. Huo ni uhalifu na ninaukiri.

Kilichokuwa hakijanijia akilini ni kwamba Nairobi iko juu. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi: presha ya hewa pale ni kama baa 0.82, hapa pwani ni baa 1 na nukta. Kivali cha aina ile hakijui presha yote. Kinajua tu kilichoongezwa juu ya hewa ya mahali. Busti ya baa 1 kwa binamu ni jumla ya 1.82 ndani ya injini. Busti hiyohiyo kwangu Kisauni ni 2.01. Bila kugusa skrubu nilikuwa nimeisindilia injini hewa zaidi kwa asilimia kumi kuliko yeye. Na hewa yenyewe ni ya Machi, nyuzi 32 kivulini. Ukiisindilia hewa ya joto hilo hadi maradufu, inatoka kwenye tabo imepita nyuzi 100 kabla intakula haijaipoza, na intakula ya Subaru, watu wa kiwandani wakajua wenyewe kwa nini, imelazwa juu ya injini palepale penye moto.

Tena kuna petroli. Gari hili lilizaliwa kunywa super ya Japan, ambayo oktani yake ni kati ya 98 na 100. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Petroli yenye oktani ndogo ikibanwa na kupashwa joto hailipuki kwa zamu yake. Inalipuka yenyewe mapema, pistoni ikiwa bado njiani inapanda. Kinaya ni kwamba kiwanda cha kusafisha mafuta tulikuwa nacho hapohapo Changamwe, kilianza kazi 1963 na kikaacha kusafisha 2013. Siku hizi matangi yake ni ghala. Petroli yetu sasa huja ikiwa imeshaiva.

Nilisikia kwenye mwinuko mdogo baada ya Kiembeni. Si kelele kubwa. Ni kama kokoto chache zinazotikiswa ndani ya kopo la maziwa, mbali, chini ya muziki. Nikazima redio. Nikaondoa mguu. Nikarudi nyumbani kwa gia ya pili nikiwa na jasho la mtu aliyefukuzwa.

Jumatatu fundi alitoa plagi bila kunisemesha. Ya silinda ya nne aliitazama sana, kisha akanipa pamoja na lenzi anayotumia kusomea namba. Kwenye ile kauri nyeupe palikuwa na vidoa vidogo vya kung'aa, kama pambo la kucha. Alumini. Ngozi ya pistoni yangu, imeruka na kunatia kwenye plagi. Akapima mbano wa silinda zote. Zilikuwa zinakaribiana bado. Dakika chache zaidi za ubishi wangu zingetosha kuturudisha kwenye zile injini saba za mfanyabiashara.

Kivali alikifungua akakitupa ndani ya pipa. Baadaye alikitoa, akakisafisha, akaniambia nikirudishe Nairobi kiliko na kwao.

Tangu hapo gari linaendeshwa kwa busti ya kiwandani wala sijaongeza. Lina tabia zake. Foleni ya feri Likoni hulichosha: nusu saa likinguruma pale juani, joto linapanda hadi kwenye intakula, na ukishuka upande wa pili, kilomita mbili za mwanzo ni Forester la kawaida la mama wa watoto wawili. Likipata upepo hurudi. Nikifika nyumbani baada ya mwendo wa nguvu silizimi papo hapo. Ninaliacha lipumue dakika moja au mbili, kwa maana ukilizima tabo ikiwa nyekundu, oili iliyosimama ndani hukaangika na kugeuka masizi, na masizi unajua huenda kwenye kichujio gani. Oili yenyewe naibadilisha kila kilomita 5,000. Jirani hufikiri nina duka la oili.

Anayetaka kuanza mradi kama huu asisahau karatasi. Namba ya injini iko kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inapaswa kujulishwa, gari likaguliwe na kumbukumbu irekebishwe, na kampuni ya bima iambiwe. Weka risiti ya injini na nakala ya karatasi zake za forodha. Nimeona watu wakipoteza magari mazima, yanayotembea, kwa kushindwa kueleza injini ilitoka wapi, na askari wa barabarani hawezi kuonyeshwa mwembe.

Zile injekta za pinki nilimpa kijana wa Mtongwe mwenye manifoldi inayozifaa, tukabadilishana na rejeta. Tabo ya VF bado ninayo. Iko juu ya kabati, imefungwa kwenye gazeti, na inauzwa. Mhimili wake unakwenda nje na ndani, na anayekuja kuitazama nitamshikisha auvute mwenyewe, asikie ile tk, kabla hajatoa pesa mfukoni.